Miguu Minne Mlangoni

9 Februari

Mdogo wangu,

Hujambo wewe, na mama hajambo? Sisi huku ni wazima. Shemeji yako bado yuko barabarani na lori lake, anarudi kubadilisha nguo na kula, kisha haonekani tena. Mimi hapa hotelini nimepandishwa. Sasa nasimamia usafi wa vyumba vyote vya ghorofa ya juu, ile wanayolala wageni wenye maneno mengi. Juzi mmoja aliniita nikauone unywele kwenye beseni la kunawia. Nikauangalia, nikamwangalia kichwani, nikaufuta nikanyamaza. Unywele ulikuwa wake.

Nakuandikia kwa sababu simu na mama tumeshindwana. Nikipiga anasema "hatujambo wote" kwa sauti ya kuita watu msibani, kisha anakata akidhani salio langu linaungua. Barua utamsomea polepole, na ataisikia yote.

Jambo lenyewe ni hili. Tumehamia nyumba yenye chumba cha ziada. Nimekipaka rangi mwenyewe, nimeweka kitanda kifupi ili goti la mama lisipate taabu, na pazia ambalo jua la asubuhi halipiti. Nataka mama aje akae kwangu. Umekaa naye miaka yote hii, na mimi pia ni mtoto wake. Msomee hapa, halafu uniandikie alivyojibu, neno kwa neno.

Lingine dogo. Shangazi alipita kwangu akitoka kwenye matibabu ya macho, akaniambia hapo nyumbani kuna mbwa. Nilicheka. Nikamwambia shangazi, macho hayo yarudishe kwa daktari. Mbwa katika nyumba ya mama? Mama huyu huyu aliyekuwa anafagia nyuma ya mgeni kabla mgeni hajafika barabarani? Niambie shangazi ametia chumvi, nilale.

Dada yako,
Bibi Afya
(au mmeshasahau kwamba mama ndiye aliyenipa jina hilo, nilipokuwa nakataa kula mpaka sahani inukie sabuni?)


2 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Barua imefika, na hongera sana kwa cheo. Mama alipigapiga makofi mpaka miwani ikamwanguka. Goti lake ni lile lile, siku za baridi linamsumbua, nalikanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Mimi na cherehani yangu tunasukuma siku. Sare za shule zimeisha, sasa nina magauni ya harusi ya wasimamizi, vitambaa vya kuteleza ambavyo ukipumua tu vinahama mezani.

Kuhusu chumba, nilimsomea yote. Alisema, "Ahsante sana, Mungu ambariki." Akaomba nimsomee tena ile sehemu ya pazia.

Kuhusu mbwa, shangazi hajasema uongo, ila hajasema vizuri. Yule mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili alihamia kwa mwanawe, na huko hawakutaka mbwa. Akamwacha. Mbwa akawa analala kwenye ngazi za nyumba tupu akiangalia mlango, mama akawa anamwangalia kupitia dirishani, wakaangaliana hivyo wiki nzima. Siku moja nikakuta bakuli la maji barazani kwetu. Nikauliza, hili la nani? Mama akaniambia, "Mvua ilikuwa inavuja." Dada, hakukuwa na mvua.

Lakini yuko barazani tu. Ndani haingii. Ni jike, mweupe mwenye baka jeusi jichoni, mtulivu, habweki ovyo. Nyumba ni safi kama ulivyoiacha, usiwe na wasiwasi. Wateja wangu hawajalalamika hata mmoja.

Msalimie shemeji, umwambie lori lisimfanye mume wa picha.

Ni mimi mdogo wako


20 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku tumeamka salama, ila ghorofa yangu imevamiwa na mkutano wa wauza mbolea, na mazulia yanajua. Shemeji yako amecheka maneno yako ya mume wa picha, kisha akaondoka.

"Barazani tu." Nimekusikia. Sasa nieleze, kwa nini shangazi alimkuta kwenye ukumbi, chini ya kiti cha mama, kalalia ubavu? Au baraza siku hizi lina viti vya kukunja na kabati la vyombo? Mdogo wangu, mimi ndiye niliyekufundisha kudanganya, kwa hiyo usinijaribie kwa mambo madogo.

Sikiliza, maana najua hutaki kuniuliza. Manyoya ya mbwa hayafagiliwi yakiwa makavu. Ukifagia unayarusha tu, yanapanda kwenye pazia, yanasubiri ugeuke, yanashuka. Lowesha kitambaa, kikamue mpaka kisidondoshe, kisha uburute sakafuni kuelekea mlangoni. Kwenye viti, vaa glavu ya mpira ya kuoshea vyombo, iloweshe kidogo, upapase upande mmoja tu. Manyoya yatajikusanya kama yameitwa. Matandiko yake yafuliwe peke yake, usiyachanganye na ya mama. Harufu ikianza, nyunyiza magadi ya kuokea kwenye zulia, acha, kisha fagia. Mwogeshe, lakini si kila siku, ngozi itakauka na atajikuna, na akijikuna atajaza nyumba. Na mchane nje, mbali na mlango, upepo ukiwa unatoka nyumbani kwenu.

Nimekueleza kwa sababu ya nguo za wateja. Nisingependa kusikia kazi yako imeharibika kwa sababu ya mnyama aliyeachwa na mtu mwingine.

Lakini nashangaa. Mama hakuwahi kuniruhusu kukaa kwenye kiti kile cha kwake. Hata nilipokuwa na homa. "Kaa kwenye mkeka, kiti kitanuka jasho." Nakumbuka alivyosema na alivyokuwa amesimama. Sasa kuna mtu amelala chini yake, na mkia wake, anatazama watu.

Anaitwa nani huyo? Umeandika kurasa nzima bila kumtaja jina. Na chumba je? "Mungu ambariki" si jibu.

Dada yako,
Bibi Afya


25 Aprili

Dada mpendwa,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa. Goti la mama lilivimba, tukaenda kituo cha afya, akapewa dawa ya kupaka na maneno makali kuhusu kubeba ndoo. Sasa hajambo. Amepungua kidogo mwilini lakini mdomo haujapungua.

Naona aibu kusema, lakini ushauri wako umeniokoa. Yule mama wa benki anayeshona kwangu suti zake nyeusi alikuja kujaribu koti. Nilikuwa nimelitundika ukumbini. Akalivaa, akajigeuza kwenye kioo, na mgongo mzima ulikuwa mweupe kama amelalia unga. Alilivua, akalirudisha kwenye mkono wangu kwa vidole viwili, akasema atapita kesho kuona kama bado nashona au nafuga. Huyo ndiye anayeniletea wenzake wote wa ofisini.

Nikaingia jikoni, nikavaa glavu, nikailowesha. Lo! Manyoya yalitoka vifundo kwa vifundo. Kesho yake alilikagua kwenye mwanga wa mlangoni, akavaa, akatoka nalo. Tangu siku hiyo chumba cha cherehani mlango haufunguliwi ovyo, nguo zilizokwisha zinakaa ndani ya mfuko wa shuka kuukuu, na sakafu naiburuta kama ulivyosema, kuelekea mlangoni. Mama alinitazama nikifanya hivyo akasema, "Unaona? Hayo ni mambo ya dada yako. Yeye angekuwa hapa, hilo koti lisingepata hata unywele." Nikamwambia ndiyo mama.

Haya, nikwambie ukweli, maana shangazi ana miguu mirefu na atakwambia tu. Ndiyo, anaingia ndani. Lakini haingii hivi hivi. Mlangoni mama ameweka kipande cha zulia, ndoo ndogo na kitambaa. Mbwa akitoka kutembea anasimama juu ya kile kipande, na hapo haendi mbele hata umvute. Mama anavuta kigoda, anakaa, anasema "mguu." Anainua mmoja. Anafutwa, katikati ya vidole na pembeni ya kucha. "Mwingine." Anainua mwingine. Mpaka yote minne iwe safi. Kisha anaingia, anazunguka mara moja, analala. Ungeona mwenyewe usingeamini, anataka usafi kuliko watu wengi tunaowajua.

Kuhusu chumba nilimuuliza tena, nikamkazia. Alimwangalia yule pale chini, akasema, "Nikienda, nani atamfuta miguu?" Nimekuandikia neno kwa neno kama ulivyotaka. Usikasirike. Wazee wana mambo yao.

Jina lake ni jina tu la mbwa, Dada. Mama ndiye aliyempa.

Ni mimi mdogo wako


11 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Nafurahi goti limepata nafuu. Shemeji yako yupo, amelala. Salamu zimeisha hapo.

Barua yako niliisomea kwenye chumba cha kuhifadhia shuka, nimekalia furushi. Nilipofika kwenye "mguu" na "mwingine", mmoja wa wasichana wangu aliingia kuchukua mito, akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia ni vumbi. Kwenye chumba changu cha shuka, vumbi! Sasa wanacheka huko chini.

Kile kitambaa mlangoni nakijua. Ndoo naijua. Kigoda nakijua, mguu wake mmoja ulikuwa mfupi na ulikuwa unagonga sakafu mama akiinama. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Nilikuwa narudi kutoka kucheza na matope mpaka magotini, nasimama hapo, mama anakaa, anasema "mguu." Hakuna aliyekuwa ananigusa kwa utaratibu kama ule. Nilikuwa nakanyaga matope makusudi.

Kisha ukaja wewe. Mama akanipa kitambaa mkononi, akasema, "Wewe sasa ni mkubwa, jifute, ukimaliza umfute mdogo wako." Nikajifuta. Nikakufuta. Wewe ulikuwa unacheka na kunipiga teke usoni. Tangu siku hiyo mpaka naondoka hapo mama hakuinama tena kwenye miguu yangu. Alikuwa anakagua tu. "Safi. Pita."

Nikawa safi, basi. Niliona kwamba kwa usafi nasifiwa, nikashika hapo hapo. Nimekuwa msafi mpaka nalipwa kwa usafi. Na sasa, mama amekuwa mzee, goti limevimba, hawezi kubeba ndoo, lakini ananyanyuka kwenye kiti chake, anavuta kigoda, anainamia miguu minne. Ya nani? Ya mbwa wa mwalimu!

Nina wivu. Nimeandika, usomee hapo hapo bila kukonyeza mtu. Nimemwonea wivu mbwa. Mtu mzima, mwenye funguo za ghorofa nzima kiunoni. Nimemtayarishia mama kitanda, nimemtafutia pazia duka kwa duka, na yeye amechagua mnyama ambaye hata hajui kusema ahsante. Na wewe nimekuonea wivu pia, maana uko hapo unaona kila siku na unaniandikia kwa furaha, kana kwamba ni kichekesho.

Halafu nimegundua jambo. Zamani barua zako zilianza na "Bibi Afya wangu". Siku hizi ni "Dada" tu, kama naandikiwa na ofisi. Hata jina langu mmelichoka?

Nimeomba likizo ya Agosti. Sijafika hapo nyumbani tangu kabla goti halijaanza, najua, usinikumbushe. Nataka kuja. Lakini nikifika nisimkute huyo mbwa. Atafutiwe pa kwenda. Akiwepo, siji, na chumba nitampa mpangaji. Chagueni.

Dada yako


30 Juni

Mdogo wangu,

Hamjambo? Nimesubiri, nimechoka. Postamasta wa hapa ameanza kunionea huruma, akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani. Kwenye simu mama anasema "hatujambo wote" na anakata. Wote ni akina nani? Likizo imekubaliwa. Niambie mmeamua nini. Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi.

Dada yako


19 Julai

Dada,

Shikamoo. Mama mzima. Mimi mzima. Sasa soma ukiwa umekaa, na usisomee kwenye chumba cha shuka.

Nilimtoa. Barua yako ilinichoma, nikakaa nayo wiki nyingi, mwishowe nikasema yaishe. Mlinzi wa maghala ya upande wa pili wa mji alikuwa anatafuta mbwa, nikampeleka Jumamosi mama akiwa amesinzia. Nikarudi mbio nikasafisha. Nilivua vitambaa vya viti vyote, nikaosha kuta mpaka mkono unapofika, nikatupa kile kipande cha zulia, nikaanika magodoro. Dada, nyumba iling'aa. Ungepitisha kidole juu ya mlango usingepata kitu. Nikakaa katikati ya ukumbi nikijisifu peke yangu.

Mama akaamka. Akaangalia chini ya kiti. Jua lilipoanza kushuka, ile saa mbwa anaporudi kutembea, akachukua ndoo, akachukua kitambaa, akavuta kigoda mpaka mlangoni, akakaa. Na kisha akaita. Kwa sauti ile ile unayoilalamikia kwenye simu, ya watu msibani.

"Bibi Afya! Bibi Afya, njoo nikufute miguu!"

Majirani walitoka. Yule mshona viatu wa mbele akavuka barabara anakimbia, kucha zimejaa gundi, ananiuliza, "Dada yako amekuja? Yuko wapi tumsalimie?"

Ndiyo, Dada. Ndilo jina lake. Ndiyo maana sikukuandikia, na ndiyo maana sikuweza tena kuanza barua na jina hilo, kila nikitaka kuliandika, kalamu inakwama. Ningekwambiaje? Mama amempa mbwa jina lako? Watu wanagombana ukoo mzima kwa jambo dogo kuliko hilo. Nilijua utalia kwanza kisha utakata uhusiano, ninakujua.

Lakini sikia lilivyokuja. Ile siku ya kwanza alipotaka kumwingiza ndani, mvua kweli ilikuwa imenyesha. Mama akafungua mlango, akamwita. Mbwa akafika kizingitini, akaangalia sakafu, akaangalia miguu yake yenye matope, akasimama. Akainua mguu mmoja akauacha hewani. Mama alicheka mpaka akashika mlango. Alicheka kama ambavyo sijamsikia akicheka tangu uondoke. Akasema, "Mwone! Huyu ni Bibi Afya mwenyewe. Amerudi na matope yake." Akaenda kutafuta kitambaa. Mimi sikuelewa anacheka nini. Nimeelewa niliposoma barua yako ya Mei, kwamba na wewe ulikuwa unasimama hivyo. Mimi hilo sikuwahi kuliona, ulikuwa umeshakuwa mkubwa wa kujifuta.

Tangu hapo anaongea naye siku nzima. "Bibi Afya, umekula? Bibi Afya, mbona umekonda? Bibi Afya, huko kazini hawakuchoshi?" Huko kazini, Dada! Anamuuliza mbwa kama kazini hawamchoshi. Jioni anamwambia, "Lala sasa, kesho una wageni."

Na kwa kuwa wewe umesema lako, na mimi niseme langu. Unasema una wivu? Mimi nimeishi na wivu huo nyumba moja. Mimi ndiye ninayekanda goti. Mimi ndiye ninayejua dawa ipi kabla ya chakula na ipi baada. Mama ananiita "wewe". "Wewe, sogeza kiti. Wewe, mletee Bibi Afya maji." Nikiburuta sakafu vizuri, ni dada yangu anayesifiwa. Nikipika, dada yangu angepunguza mafuta. Uko mbali, na bado umejaa nyumba nzima, mpaka umeota mkia na kulala chini ya kiti. Nilipompeleka kwa yule mlinzi sikufanya kwa ajili yako tu. Kuna kipande cha moyo wangu kilikuwa kinasema, sasa labda nitaitwa mimi.

Sikuitwa. Mama alikaa kwenye kigoda mpaka giza likaingia, kitambaa kimemkaukia mapajani. Chakula hakukigusa. Kesho yake vivyo hivyo, na keshokutwa. Siku hizo zote nilishika kalamu kukuandikia, nikaiweka chini. Mwishowe nikamuuliza, mama, kwani kwa dada kuna chumba kizuri, pazia, kitanda kifupi, huyo mbwa ni nini? Akaniangalia kama mtoto asiyeelewa somo. Akasema, "Nikihamia huko, Bibi Afya atarudi wapi?"

Sikumuuliza ni yupi.

Nikapanda bodaboda, nikaenda maghalani. Mlinzi alinikabidhi kamba, akasema hajamsikia akibweka hata mara moja, mbwa gani huyo wa ulinzi. Tulirudi kwa miguu, barabara ilikuwa tope tupu. Kufika mlangoni kile kipande cha zulia hakipo, nilikitupa mwenyewe. Akasimama pale pale kilipokuwa. Akainua mguu. Mama akavuta kigoda, akafuta mmoja, akafuta mwingine, machozi yanadondoka ndani ya ndoo. Alipomaliza akaniangalia mimi, matope mpaka magotini, nimesimama nje kama mgeni. Akasuuza kitambaa. Akasema, "Na wewe leta."

Dada, nilileta.

Basi hali ndiyo hiyo. Mbwa yupo, jina lake ni lako, na sitamtoa tena hata uje na polisi. Likizo ni yako, uamuzi ni wako. Nyumba ni safi.

Mdogo wako anayekupenda, akiwa na hasira


3 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba, marahaba tena. Barua yako niliisomea jikoni. Shemeji yako alikuwepo safari hii, akaniuliza ni nini, nikamsomea kwa sauti. Nilipofika kwenye "kesho una wageni" nikashindwa, akaichukua akamalizia yeye. Kisha akatoka nje kuangalia matairi ya lori ambayo alishayaangalia.

Nilitaka kukasirika. Nilijaribu siku mbili. Nilikuwa naingia kwenye vyumba vya watu natandika shuka nikijisemea, mbwa, jina langu, mbwa. Halafu najikuta nasikia ile "huko kazini hawakuchoshi?" na nasimama na mto mkononi. Mwambie mama wananichosha. Mwambie nimekonda kidogo pia.

Wivu haujaisha, usinielewe vibaya. Umehamia mahali pengine tu. Sasa nakuonea wewe, uliyefutwa miguu juzi. Na nimeona aibu kwamba nilikuwa nadhani uko hapo unakula sifa zote peke yako, kumbe ulikuwa unalishwa zangu. Nikifika, mama akikuita "wewe" mbele yangu, mimi na yeye tutaongea.

Chumba sijampa mpangaji. Pazia linaendelea kuzuia jua bure. Kisubiri tu, sitamkalia mama kooni tena. Nimepima ukumbi wangu, kiti chake kinaingia na nafasi ya mtu kulala chini yake inabaki. Akitaka siku moja, waje wote wawili, na wewe na cherehani yako mje mnitembelee mpaka mchoke. Asipotaka, mimi nitakuwa nakuja huko.

Nimekununulia glavu za mpira, zile nzito za hotelini, hazitoboki. Nimenunua na kipande cha zulia la mlangoni, maana ulitupa kile. Ni cha rangi ya matope, nilichagua makusudi.

Natoka hapa Ijumaa. Usije kunipokea, na usimwambie mama saa. Nitashuka stendi nitembee kwa miguu, nikipita upande ule wa maghala ulikosema barabara ni tope tupu. Nitavua viatu. Sitabisha hodi na sitamwita mtu. Mbwa akirudi kutembea, mtanikuta hapo mlangoni nimesimama, nyuma ya mwenzangu, nasubiri zamu.

Bibi Afya wa pili